Injini ya boti inapochemka baharini: Chanzo na tiba yake

NAHODHA mwangalifu hatii gia kabla ya kutazama nyuma. Mara tu injini inapowaka, macho yake huutafuta mchirizi mwembamba wa maji unaoruka kutoka ubavuni mwa mashine.

Mchirizi huo ndio habari ya kwanza kuhusu afya ya injini. Ukiwa na nguvu, kuna maji yanayozunguka ndani. Ukinyong'onyea au kukatika, injini imo hatarini kuchemka, na dakika chache zatosha kuiharibu kabisa.

Jambo hili si dogo kwa wakazi wa Kibuyuni, kijiji kilicho karibu na Shimoni katika Kaunti ya Kwale, na kwa majirani zao hadi Vanga. Boti ndizo zinazowapeleka wavuvi kwenye maji makuu, kuwavusha abiria kwenda kisiwa cha Wasini na kuwachukua watalii hadi Hifadhi ya Bahari ya Kisite-Mpunguti.

Mashine ikizima wakati wa kusi, mawimbi huwa makubwa na mkondo wa bahari unaoelekea kaskazini huongeza kasi. Chombo kisicho na tanga, kasia wala nanga hubaki mikononi mwa maji.

Ili kuelewa ugonjwa huu, ni vyema kwanza kujua jinsi injini hiyo inavyopozwa. Gari lina rejeta. Injini inayofungwa tezini mwa boti haina. Rejeta yake ni bahari yenyewe.

Maji huingia kupitia matundu yaliyo sehemu ya chini ya mashine, karibu na rafadha, ambayo wengine huiita pangaboi. Juu ya sanduku la gia mna pampu ndogo yenye impela, yaani gurudumu la mpira lenye mapezi laini. Impela huyasukuma maji kupitia bomba hadi kwenye silinda.

Yakishabeba joto, maji hayo hutoka nje pamoja na moshi. Sehemu ndogo hupitia tundu la ubavuni, nayo ndiyo mchirizi tunaouzungumzia. Injini nyingi pia zina themostati, kilango kinachofunguka chenyewe maji ya ndani yanapopata joto la takriban nyuzi 50 hadi 60 za Selisiasi.

Mbali na mchirizi kupungua, dalili nyingine ni injini kupoteza nguvu, sauti kubadilika na harufu ya kitu kinachoungua. Baadhi ya mashine hulia king'ora au kujipunguza mwendo zenyewe, lakini nyingi ndogo na kuukuu hazina kinga hiyo.

Kosa kubwa wakati huo ni kusema, "Twende tu, ufuo hauko mbali." Pistoni iliyopata moto huvimba na kuikwaruza silinda, kisha hukwama. Hasara ambayo ingemalizwa kwa kipande cha mpira hugeuka kuwa ya injini nzima.

Hatua ya kwanza ni kupunguza moto, kutoa gia, kuzima injini na kutia nanga. Kisha mashine iinuliwe na matundu ya kuingizia maji yakaguliwe.

Hapa Kibuyuni chanzo huenda kikawa kinaelea karibu. Mwani ni riziki ya akina mama wanaoulima kwenye kamba zilizofungwa mambo baharini, lakini shada lililong'oka likivutwa na pampu huziba matundu hayo. Mfuko wa plastiki au kipande cha kamba hufanya vivyo hivyo.

Hatua ya pili ni kuiacha injini ipoe yenyewe. Isimwagiwe maji baridi, kwa kuwa chuma chenye moto kikipoa ghafla huweza kupinda au kupasuka.

Hatua ya tatu ni kulichokoa tundu la mchirizi kwa kipande cha mshipi mnene. Mara nyingi tundu hilo huzibwa na chumvi au mchanga ilhali maji ndani yanazunguka vizuri.

Injini iliyopoa yaweza kuwashwa tena na kuachwa ingurume polepole. Maji yasipotoka katika muda wa dakika moja, izimwe. Kutoka hapo ni tanga, kasia au kuomba boti nyingine ivute.

Chombo kikifika ufuoni, fundi huanza na pampu. Impela iliyozeeka hukakamaa, mapezi yake hupinda au kukatika. Asitosheke kuweka mpya tu. Vipande vilivyokatika avitafute, kwani vikisalia njiani vitaziba bomba na tatizo litarudi. Aidha, akague nyumba ya pampu, ambayo mchanga huikwaruza pale boti inapoendeshwa kwenye maji machache bahari ikiwa imekupwa.

Wapo wanaoijaribu injini nchi kavu, bila maji. Impela hulainishwa na maji hayohayo inayoyasukuma. Ikizunguka kavu, huweza kuungua kabla hata dakika moja haijaisha.

Yawezekana pia mchirizi ukawa na nguvu na injini bado ikachemka. Hapo themostati ishukiwe. Itolewe na kutumbukizwa katika sufuria ya maji yanayopashwa moto. Isipofunguka hata maji yakikaribia kuchemka, haifai tena.

Chanzo kingine ni jinsi mashine ilivyofungwa. Bawa bapa lililo juu ya rafadha linapaswa kuwa sawa na sehemu ya chini ya boti au chini yake kidogo. Mashine ikikaa juu mno, kila wimbi litaifanya pampu inyonye hewa badala ya maji.

Mafuta nayo yasisahauliwe. Mashine nyingi zinazochanganyiwa oili na petroli huhitaji lita 1 ya oili kwa lita 50 za petroli, ingawa kila mmiliki hana budi kufuata kitabu cha mashine yake. Anayepunguza oili ili kubana matumizi huongeza msuguano, na joto lake halitaondolewa na maji pekee.

Kinga ni rahisi kuliko tiba. Baada ya safari, sehemu ya chini ya mashine itumbukizwe ndani ya pipa la maji baridi yasiyo na chumvi, na injini ingurume kwa dakika 10 hadi 15 ili chumvi isigande ndani. Kwa boti inayofanya kazi kila siku, ni busara kubadilisha impela kila mwaka hata kama haijaonyesha kasoro.

Kabla ya kung'oa nanga, nahodha ahakikishe ana kasia, plagi za akiba, spana, simu iliyofungwa vizuri isiingie maji, na jaketi la kujiokolea kwa kila aliyemo. Awaachie pia viongozi wa kikundi cha usimamizi wa ufuo, BMU, habari za aendako na saa ya kurudi. Kikosi cha Walinzi wa Pwani cha Kenya, kilichoundwa mwaka 2018, kina jukumu la uokoaji, lakini hakiwezi kumtafuta mtu ambaye hakuna ajuaye kuwa amepotea.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Kwa mwenye boti, wingu hilo ni mchirizi uliopungua, na muda wa kuzima injini ni pale tu anapouona.