Mkonge Mwitu wa Nchi ya Kipsing

Msafiri atokaye mji wa Isiolo kwenda Oldonyiro kwa njia ya Kipsing hupita katika nchi kavu yenye migunga, mawe, na mito ya mchanga ambayo hutiririka siku chache tu baada ya mvua. Wakati wa kiangazi nyasi huwa zimekwisha, na miti mingi imepukutisha majani yake. Lakini chini ya migunga huonekana vichaka vya mmea usiojali jua. Majani yake ni marefu na manene, yamesimama kama mikuki iliyochomekwa ardhini, na kila moja lina mwiba mgumu kwenye ncha. Huo ndio mkonge mwitu, ambao katika lugha ya Kimaa hujulikana kwa jina la oldupai.

Mtu asidhani kuwa huo ni mkonge wa mashamba uliotoroka. Mkonge wa mashamba asili yake ni Meksiko. Mjerumani Richard Hindorf aliuleta katika nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika mwaka 1893. Miche iliyoagizwa ilikuwa 1,000, ikasalimika 62 tu, na kutokana na hiyo michache mashamba makubwa yakaenea. Mkonge mwitu ni mwenyeji. Watu wa pwani walikuwa wakisokota kamba kwa nyuzi zake, nao ndio walioupa jina la mkonge, kabla mgeni hajafika. Mgeni akalichukua jina hilo, na mwenyeji akabaki kuitwa wa mwituni.

Kuitofautisha mimea hiyo miwili si kazi ngumu. Majani ya mkonge wa mashamba huzunguka shina pande zote. Majani ya oldupai hupangwa kwa safu mbili zinazotazamana, hata chipukizi zima likafanana na upepeo uliokunjuliwa. Kila chipukizi huwa na majani machache, ambayo mara nyingi hayafiki 10. Jani moja huwa na urefu wa futi 3 hadi 5, nalo limebanwa ubavuni, tena lina mfereji kwa upande wa ndani. Kingo za mfereji huo zina mstari mwekundu uliochanganyika na kahawia, na ukingoni kabisa pana uzi mweupe kama karatasi. Maua huchanua usiku juu ya bua lenye matawi, ambalo huweza kufikia kimo cha mtu. Ni maua madogo, meupe, yenye harufu nzuri ya kuwaita nondo. Chipukizi likishatoa maua halitoi tena majani mapya, lakini halifi mara moja kama ufanyavyo mkonge wa mashamba. Machipukizi mengine hutokeza ubavuni, na kichaka huzidi kupanuka.

Wataalamu waliuita mmea huu Sansevieria ehrenbergii, kwa kumkumbuka Mjerumani Ehrenberg aliyesafiri katika nchi za Bahari ya Shamu katika miaka ya 1820. Jamii ya Sansevieria ilikuwa imepewa jina hilo na Thunberg mwaka 1794. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba jamii hiyo ni tawi la jamii nyingine iitwayo Dracaena, na sasa vitabu huuandika mmea huu Dracaena hanningtonii. Jina hilo la pili ni la Askofu James Hannington, aliyekuwa mpenzi wa mimea, na ambaye aliuawa Busoga mwaka 1885. Kwa mchungaji wa Kipsing mabadiliko hayo hayaongezi wala hayapunguzi kitu, maana oldupai ni oldupai.

Siri ya mmea huu imo ndani ya jani. Ukilikata kwa kisu utaona ngozi ngumu iliyopakwa nta, kisha nyama laini iliyojaa maji, na katikati ya nyama hiyo nyuzi nyeupe zinazokwenda kutoka shinani hadi nchani. Nta huzuia maji yasipotee. Nyama ndiyo ghala ya maji, na nyuzi hulishika jani lisilegee hata ghala hiyo inapopungua. Lakini lililo la ajabu zaidi ni jinsi mmea unavyovuta hewa. Mimea mingi hufungua vitundu vya majani wakati wa mchana ili kuvuta hewa ya kutengenezea chakula, na kwa vitundu hivyo hivyo maji hutoka kama mvuke. Katika nchi yenye jua kali hiyo ni hasara kubwa. Mkonge mwitu hufungua vitundu vyake usiku, wakati wa baridi, ukavuta hewa na kuiweka akiba ndani ya jani katika hali ya asidi. Kunapokucha hufunga milango yake, na mchana kutwa hutengeneza chakula kwa hewa ya akiba na mwanga wa jua. Kwa sababu hiyo hukua polepole, lakini huendelea kuishi mahali ambapo nyasi zimekufa.

Chini ya udongo kuna shina nene litambaalo. Halizami sana, bali hukaa karibu na uso wa ardhi, tayari kunywa hata mvua ndogo.

Tembo wanaujua mmea huu vizuri. Wakati wa kiangazi huutafuna kwa ajili ya maji yake, kisha hutema nyuzi, na mafungu ya nyuzi hizo huonekana njiani walikopita. Ng'ombe hawautaki, kwa kuwa ni mgumu na mchungu. Watu nao wana kazi zao. Majani hupondwa na kukwanguliwa kwa kipande cha mti mpaka nyama itoke yote, kisha nyuzi huoshwa, huanikwa, na kusokotwa kamba. Wamaasai hutumia maji yake kwa vidonda, na jani lake kama kitambaa cha kufungia. Jina lake limefika hata katika vitabu vya historia ya binadamu, maana bonde la Olduvai kaskazini mwa Tanzania, ambako Mary Leakey alilipata fuvu maarufu mwaka 1959, lilipewa jina kwa mmea huu, ila wageni wa kwanza hawakulisikia neno sawasawa.

Mbali na sifa hizo, liko jambo linalowagusa wafugaji zaidi. Katika nyanda kavu za kaskazini ya Laikipia, zilizo jirani na Oldonyiro, watafiti wamechunguza jamaa wa oldupai mwenye majani ya mviringo kama fimbo, aitwaye Sansevieria volkensii. Waliukuta hasa katika ardhi iliyochoka, ambako nyasi zimeliwa mpaka mizizi na udongo ukabaki uchi. Mmea huo haukuwafukuza wenye mahali, bali uliingia katika nyumba iliyokwisha hamwa. Kwa hiyo mfugaji aonaye vichaka vya mkonge mwitu vikizidi mwaka hata mwaka katika malisho yake anasoma habari za nyasi zake. Baada ya ukame wa miaka ya 2020 hadi 2023, mvua za misimu mitano mfululizo zilipokosekana na mifugo wengi wakafa kaskazini mwa Kenya, habari hizo si za kupuuzwa.

Je, ung'olewe? Wako wanaoudhani kuwa ni adui sawa na mpungate, ule wenye miiba ulioletwa kutoka Amerika na ambao umeharibu malisho mengi ya Laikipia. Kuilinganisha mimea hiyo si haki. Mkonge mwitu ni wa nchi hii, nao una kazi pale ulipo. Maji ya mvua yakishuka kwa kasi juu ya udongo mtupu, kichaka huyapunguza mwendo. Udongo na mbegu za nyasi hukwama hapo. Mtu akiking'oa kichaka bila kuweka kitu mahali pake, mvua ifuatayo itauchukua udongo uliobaki na kuutupa katika mchanga wa mto. Lililo bora ni kuanza na nyasi: kuipumzisha sehemu moja ya malisho mpaka nyasi zizae mbegu, kuchimba makinga maji yenye umbo la nusu mwezi, na kupanda nyasi za kienyeji pembeni mwa vichaka, mahali penye unyevu. Vichaka vichache vikiachwa kwenye mteremko havidhuru.

Pale ambapo hapana budi kuuondoa, kama vile katika njia ya mifugo au kando ya boma, kukata majani ni kazi bure. Yafaa jembe lifuate shina litambaalo mpaka mwisho wake, na kila kipande kianikwe juu ya mawe, kwani kipande kidogo chenye jicho kikisahaulika udongoni huchipua tena mvua za Machi zikifika.