Vali za Moyo na Mafindofindo ya Mtoto

Daktari anapoweka stethoskopu kifuani, hasikii msuli wa moyo ukijikaza. Zile sauti mbili, ya kwanza nzito na ya pili fupi na kali, hutokana na vali kufunga na damu kuzuiwa ghafla. Kwa masikio yake tu, daktari mzoefu hutambua vali ipi inavuja na ipi imebana.

Moyo una vyumba vinne. Viwili vya juu, atiria, hupokea damu; viwili vya chini, ventrikali, huisukuma. Ventrikali ya kulia huipeleka mapafuni, safari fupi, na ukuta wake ni mwembamba. Ya kushoto hulisha mwili mzima, kwa hiyo ukuta wake ni mnene karibu mara tatu ya ule wa mwenzake. Kila pigo hutoa takriban mililita 70. Mapigo 70 kwa dakika ni karibu lita 5, yaani kiasi cha damu yote ya mtu mzima.

Kazi hiyo ingekuwa bure kama damu ingerudi ilikotoka. Kuizuia ndiyo kazi ya vali nne, na ajabu ni kwamba hazina msuli wa kuzifungua wala kuzifunga: husukumwa na damu yenyewe. Tazama vali ya mitrali, kati ya atiria na ventrikali ya kushoto. Ina vipande viwili laini vya utando, na kingo zake zimefungwa nyuzi imara zinazoshuka hadi kwenye vimisuli vya ukuta wa ventrikali. Ventrikali inapojikaza, vimisuli navyo hujikaza, na nyuzi huushikilia utando kama kamba zinavyoshikilia tanga la ngalawa upepo unapovuma. Bila nyuzi hizo utando ungepinduka kuelekea atiria. Vali hufunguka na kufungwa hivyo mara 100,000 hivi kila siku, nasi hatuna habari.

Vali hii ndiyo inayoumia zaidi kwa ugonjwa unaoanzia mbali na moyo: kooni. Mtoto, mara nyingi wa kati ya miaka 5 na 15, anapata mafindofindo yanayoletwa na bakteria aina ya streptokoka. Koo linapona. Wiki mbili hadi nne baadaye anapata homa, viungo vinavimba, leo goti, kesho kiwiko. Ni homa ya baridi yabisi: kinga ya mwili, iliyojifunza kupigana na bakteria, sasa inashambulia tishu zinazofanana nao. Viungo hupona bila alama. Vali hubaki na makovu, na kila homa ikirudi makovu huongezeka, hadi utando ugandane na nyuzi zifupike.

Linaloniuma ni ukimya wa miaka inayofuata. Wasichana wengi hugundulika wakiwa wajawazito, damu inapoongezeka kwa karibu nusu na vali iliyobana ikashindwa kuipitisha. Damu inarudi kujaa mapafuni, mama anahema usiku, na jamaa zake wanadhani ni uchovu wa mimba. Na kinga ilikuwepo tangu utotoni: penisilini ya kutibu koo, na kwa aliyekwisha kupata homa hiyo, sindano kila baada ya wiki tatu au nne kwa miaka mingi.

Vali ikiharibika sana, linabaki suala la upasuaji, ambao leo unafanyika hata Dar es Salaam, katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Vali ya kimitambo inayowekwa badala yake hudumu miongo, lakini damu huganda juu yake, hivyo mgonjwa hunywa dawa ya wafarini maisha yake yote na kupimwa damu mara kwa mara. Dawa hiyo inaweza kudhuru mimba changa. Vali ya tishu za mnyama haihitaji wafarini ya kudumu, ila kwa vijana huchakaa mapema na kifua hufunguliwa tena. Ndiyo maana daktari mpasuaji, akiwa na binti mezani, hujaribu kwanza kuikarabati vali yake mwenyewe, mradi utando bado una ulaini wa kutosha.