Sukuma wiki chini ya theluji

Wanachama kadhaa waliopita kwetu mwezi Februari waliuliza kwa nini tumepanga madumu 22 ya maziwa juu ya theluji, tena bila vifuniko. Mmoja alidhani ni takataka zinazosubiri gari. Ndugu wasomaji, kile ni kitalu. Ndani ya kila dumu mna udongo, ndani ya udongo mna mbegu, na baridi ya Madison inayotufanya tuchelewe vipindi vya asubuhi ndiyo tuliyoipa kazi ya kulinda kitalu hicho.

Shida iliyotufikisha hapo wengi wenu mnaijua. Klabu ina kipande kidogo cha ardhi katika bustani za pamoja za Eagle Heights, zilizoanzishwa mwaka 1962, ambako wanafunzi na familia kutoka kila pembe ya dunia hulima bega kwa bega. Lakini jalidi huweza kuanguka hapa hadi katikati ya Mei, kisha ikarudi Oktoba mapema. Anayengoja Mei ndipo atie mbegu ardhini hula mboga zake Julai. Kununua miche dukani ni gharama, na mara nyingi kile tunachokitaka sisi hakipo. Kuotesha ndani kunahitaji taa, na vyumba vya wanafunzi vina dirisha moja, mara nyingi limetazama ukuta wa jirani. Miche inayootea kwenye dirisha la namna hiyo huwa mirefu na myembamba kama uzi, inalalia upande, inakufa.

Kusia mbegu nje wakati wa baridi si uvumbuzi wetu. Aliyeipa njia hii jina na kuieneza hapa Marekani ni Trudi Davidoff, mkulima wa bustani wa New York. Watunza bustani wa majimbo ya kaskazini wameizoea kiasi kwamba Januari huwaona wakiomba madumu matupu kwenye mikahawa.

Dumu linalofaa ni lile la maziwa la galoni moja, karibu lita 4, lenye plastiki inayopitisha mwanga. Lioshe vizuri. Toboa matundu manane au kumi chini yake, na mengine machache ubavuni karibu na chini, maana maji yakituama mbegu huoza. Kisha likate kuzunguka, chini kidogo ya mkono wake, ila usilimalize: acha sehemu ya upana wa vidole vitatu iwe bawaba, ili sehemu ya juu ifunguke kama sanduku. Jaza udongo wa kuoteshea wenye kina cha sentimita 8 hadi 10. Usitumie udongo wa shambani. Ni mzito, hushikamana na hubeba mbegu za magugu. Mwagia maji mpaka yachuruzike, tawanya mbegu, zifunike kiasi cha unene wake, kisha funga mkato kwa utepe mpana wa gundi. Kifuniko cha mdomoni kitupe kando. Kupitia mdomo ule theluji na mvua vitaingia, na joto la ziada litatoka. Baada ya hapo weka nje penye jua, uende zako ukasome.

Jambo dogo lenye uzito: andika jina la mbegu kwa penseli kwenye kipande cha plastiki, kisha kichomeke ndani ya udongo. Wino wa kalamu nene hufutwa na jua, na ikifika Aprili madumu 22 yanafanana kama mayai.

Tuliyasia madumu yetu baada ya tarehe 21 Desemba, yaani baada ya siku fupi kuliko zote. Ukitangulia sana, joto la kupitapita la mwisho wa vuli linaweza kuziamsha mbegu, na mche uliochipua mapema hauna pa kukimbilia.

Hapa ndipo penye utamu wa jambo lenyewe. Mbegu nyingi za mimea asilia ya Wisconsin hazioti mpaka zipitiwe na baridi yenye unyevu kwa wiki kadhaa. Chukua mimea ya jamii ya Asclepias, yenye utomvu mweupe kama maziwa, ambayo ndiyo chakula pekee cha viwavi wa kipepeo wa monarki. Mbegu zake nyingi ukizitia kwenye udongo wa joto leo, zitakaa kimya. Zipe mwezi mmoja au zaidi wa baridi na unyevu, na kile kinachozizuia kuota hupungua. Kuganda na kuyeyuka kwa maji nako hulegeza maganda magumu ya mbegu za aina nyingine. Mmea umejiwekea kinga: mbegu iliyoanguka Septemba isidanganywe na jua la Oktoba. Katika Arboretum ya chuo chetu, ambako kazi ya kurudisha mbuga za nyasi asilia ilianza miaka ya 1930, wanaojua kazi hiyo huziachia baridi mbegu zao kwa makusudi.

Sukuma wiki haihitaji baridi ili iote, ila inaivumilia. Mbegu yake hulala ndani ya udongo ulioganda bila kudhurika, na udongo ukifika kama nyuzijoto 5 hadi 7 huanza kujitutumua. Vivyo hivyo kabichi, spinachi na saladi. Mchicha, bamia, nyanya na pilipili ni habari nyingine. Hizo ni za joto, na bamia hasa hutaka udongo wa nyuzijoto 20 na kuendelea. Madumu yanazifaa pia, lakini tulizisia mwishoni mwa Aprili. Kwa maoni yetu, anayeziweka nje Januari anatupa mbegu.

Kuhusu mbegu zenyewe, tuseme waziwazi kwa sababu kila likizo swali hurudi. Usizifiche kwenye begi ukitoka nyumbani. Mbegu za kupanda zinazoingia Marekani zinahitaji cheti cha afya ya mimea kutoka nchi zinakotoka, na kwa mwenye viza ya masomo mabishano uwanja wa ndege hayana faida. Sukuma wiki ni mboga ya siku zote ya Wamarekani wa majimbo ya kusini, hasa Wamarekani Weusi, na mbegu za aina iitwayo Georgia Southern zinapatikana kwa urahisi. Mchicha nao huuzwa.

Jirani yetu bustanini, mama mmoja kutoka Bukavu, alisoma kibandiko chetu akacheka. "Batoto, hii njo lengalenga," alisema. Tukamjibu, "Ndiyo, mama, kwetu ni mchicha." Akatuuliza na sombe tutaipandaje, tukamwambia muhogo hauwezi kumaliza miezi yake hapa. Alitikisa kichwa akasema huyanunua yaliyogandishwa. Kwa walimu wetu, neno moja la ziada: darasani wengi wetu tulifundishwa "kupanda" tu, kumbe mbegu husiwa kitaluni, kisha miche huatikwa shambani. Tuliyazoea maneno hayo mikono ikiwa na udongo.

Sukuma ilichomoza wiki ya pili ya Aprili, huku pembeni bado kuna vipande vya barafu. Kuanzia hapo kazi huongezeka. Siku ya jua kali joto ndani ya dumu hupanda haraka, basi tulifungua asubuhi na kufunga jioni. Usiku wa jalidi nzito tulitandika blanketi kuukuu juu. Dumu lisilo na matone ya maji ndani limekauka, linyweshwe. Katikati ya Mei tuliatika miche 60 ya sukuma, mifupi na minene, na kwa kuwa ilizaliwa nje haikuhitaji kuzoeshwa upepo wala jua kama ile ya dukani.

Kwetu Afrika Mashariki dumu la mafuta halitupwi, hugeuka la maji, na miche ya miti hukuzwa kwenye viriba na hata pakiti za maziwa. Haya ya hapa hudumu majira mawili hivi, kisha jua huyafanya yavunjike kama maganda ya yai. Yakifika hapo yapeleke kwenye pipa la kurejeleza plastiki kabla hayajawa vipande.

Tunaanza kukusanya mengine Novemba. Leteni yaliyooshwa, ya maziwa na si ya juisi yenye rangi, na vifuniko mbaki navyo.