Picha za bidhaa zako zimeibiwa? Sheria ya Kenya inakupa njia

Wiki haipiti bila mtu kuniandikia inboksi kwamba kuna ukurasa umebeba picha za viatu vyake, ukashusha bei, na sasa unapokea pesa za wateja. Mzigo hauji. Wateja wakikasirika wanamtukana yeye, maana meza ni ile ile na hata pazia la nyuma ni lake. Akiuliza afanye nini anaambiwa, "Aah, hiyo ni intaneti, zoea." Mimi nasema usizoee.

Kwanza jua chako ni kipi. Picha uliyoipiga mwenyewe, hata kwa simu ya kawaida, ni yako. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inailinda miaka 50, na si lazima uisajili kwanza. Kusajili KECOBO, yaani bodi ya hakimiliki, ni kujiwekea ushahidi wa mapema. Na ukimlipa mpiga picha akupigie mzigo, sheria inahesabu hakimiliki imehamia kwako wewe uliyemwagiza, isipokuwa kama mmeandikiana vingine. Kwa hivyo soma karatasi yake kabla ya kutuma M-Pesa.

Bidhaa yenyewe ni habari nyingine. Jirani akinunua viatu kama vyako pale pale Gikomba, akapiga picha zake, hajakuibia kitu, hata akiuza kwa bei ya kutupa. Inauma, lakini hiyo ni biashara.

Sasa tuje kwa mabadiliko ya sheria ya 2019. Kabla yake ulibaki kumtafuta mwizi mwenyewe, ambaye kwa kawaida ni jina bandia na laini inayozimwa kesho. Mabadiliko yale yakakuruhusu umwandikie mtoa huduma wa intaneti anayehifadhi ile posti na kumtaka aiondoe. Barua yako ikiwa kamili, anatakiwa kuifunga ndani ya saa 48 za kazi, isipokuwa aliyeiweka apeleke pingamizi lake. Barua kamili ina jina, anwani na sahihi yako, picha yako ni ipi, iliyoibiwa iko wapi (weka linki yenyewe, usiseme tu "iko Facebook"), pamoja na kiapo au tamko kwamba ni yako na umejaribu kumwambia aitoe. Nakala inaenda KECOBO, Mamlaka ya Mawasiliano, na chama cha watoa huduma wa intaneti.

Nitasema ukweli: kwa mama anayeuza madera akiwa na mtoto mgongoni, hizo ni karatasi nyingi. Njia hiyo inafaa zaidi kwa tovuti za mauzo za hapa nchini. Kama wizi uko Facebook, Instagram au TikTok, tumia fomu yao ya hakimiliki. Fomu hizo zilitokana na sheria ya Marekani ya 1998, na hujazwa kwa simu bila wakili. Wengi hubonyeza "ulaghai" au "spamu" halafu wanalalamika hawajibiwi. Tafuta palipoandikwa hakimiliki, weka linki ya posti yako na linki ya mwizi. Akipinga, kwa sheria hiyo ya Marekani posti inaweza kurudishwa baada ya siku 10 hadi 14 za kazi kama hujaenda mahakamani.

Ushahidi wako bora ni faili halisi ndani ya simu, kwa sababu inabeba tarehe. Ile iliyopitia WhatsApp hupoteza hiyo habari, kwa hivyo usifute ya kwanza kisa simu imejaa.

Kuna upande mwingine ambao wengi hawapendi kuusikia. Ukitumia picha ulizochota Pinterest au Alibaba, huna cha kudai, na mwenyewe akilalamika utaondolewa wewe. Mitandao hii hufunga kabisa akaunti zinazorudia kosa, na hapo wafuasi uliokusanya miaka mitano wameenda. Kama unauza kwa picha za muuzaji wa jumla, muombe ruhusa. Ujumbe wake wa WhatsApp wa kukubali unatosha kuanzia, uhifadhi. Na wale wanaoripoti mshindani ili tu ashushwe kabla ya Krismasi: taarifa ya uongo chini ya sheria ya Kenya ni kosa la jinai, faini hadi shilingi 500,000, kifungo hadi miaka 5, au vyote viwili.

Pesa za wateja waliotapeliwa hazirudi kwa njia hii. Hiyo ni kesi ya polisi, na wao ndio wapeleke ujumbe wao wa M-Pesa. Wewe wasaidie kwa kupiga picha ya skrini ya ule ukurasa, jina lake na namba ya kulipia, kabla hujaripoti. Ukishafungwa, huvioni tena.