Mapambo ya Krismasi kwa mabaki ya vitenge: lipi kweli, lipi si kweli?

Novemba ikiingia, mafundi cherehani huelemewa: sare za kwaya, magauni ya watoto, mashati ya familia nzima ya kitenge kimoja. Chini ya meza rundo la mabaki linapanda kila siku, na mengi huishia jalalani. Wakati huohuo watu wananunua mipira ya plastiki iliyokuja kwa meli. Mabaki yale yangetosha kupamba miti ya mtaa mzima. Kinachowarudisha watu nyuma ni maneno wanayopokezana bila kuyapima, na nadhani ni wakati yapimwe.

"Pambo halisi ni la dukani, la kung'aa."

Si kweli. Maandishi ya mwaka 1605 kutoka Strasbourg yanaeleza miti iliyosimamishwa sebuleni ikiwa imetundikwa waridi za karatasi za rangi, matofaa, biskuti nyembamba na vitu vya sukari. Mipira ya kioo ilishika kasi karne ya 19, kazi ya wapuliza kioo wa Lauscha, Ujerumani, kisha mfanyabiashara F. W. Woolworth akaiuza kwa wingi Marekani. Anayekaa barazani na sindano yake hajakosa kitu. Anafanya kilichofanywa kabla ya duka.

"Vipande vyenyewe ni vidogo mno."

Si kweli hata kidogo, na hapa naomba tukae kidogo. Tafuta kipande kinachotoa duara la upana wa sm 10. Kunja ukingo nusu sentimita kuelekea nyuma ya kitambaa, na huku ukikunja, pitisha sindano yenye uzi maradufu kuzunguka duara lote hadi urudi ulikoanzia. Sasa vuta uzi. Kitambaa kinajikusanya katikati kwa marinda madogo, na mkononi unabaki na ua bapa la sm 4 na nusu hivi. Funga fundo, kata uzi, basi. Mwanafunzi mzuri hukosea hapa kwa sababu ya uangalifu wake: hushona mishono midogo, ya karibukaribu, akidhani ndiyo kazi safi. Mishono midogo hutoa marinda mengi yanayobanana, na katikati linabaki tundu. Mishono mirefu kiasi ndiyo inayolifunga. Kata maduara ya vipimo tofauti, yatunge kwenye uzi mmoja, kubwa chini na dogo juu, weka ushanga kileleni, na una mti mdogo wa kutundika. Haukujazwa kitu, wala cherehani haikuguswa.

Kwa hiyo na lile la kwamba bila cherehani huwezi, limeshajijibu.

"Kitenge ni pamba, basi."

Si kweli tena. Sokoni siku hizi vitenge vya poliesta ni vingi, na kwa macho havitofautiani sana na vya pamba. Chomoa nyuzi chache, zishike kwa koleo juu ya sinia la bati, uwashe kiberiti. Pamba huwaka na kunuka karatasi iliyoungua, na majivu yake ni laini, yanasagika kwa kidole. Poliesta hunywea, huyeyuka, na ikipoa huacha kidonge kigumu kisichosagika. Jaribio hili linaokoa pasi yako: poliesta ikikutana na pasi ya moto wa pamba hugandia chini yake, na kitambaa kimekwisha. Si kwamba poliesta haifai. Itumie kwa riboni na vitanzi, ukinyoosha kwa pasi ya vuguvugu. Kinachotakiwa ni kujua ulichoshika.

"Nyuzi zitachomoka na pambo litaharibika."

Nusu kweli. Ukingo uliokatwa sambamba na nyuzi za mtande huchomoka upesi. Uliokatwa mshazari huvumilia zaidi, na mkasi wa meno husaidia. Lakini mapambo mengi yanayoharibika huharibikia kwenye pembe. Chukua nyota ya ncha tano, iliyoshonwa pande mbili kwa ndani ili igeuzwe. Nje, kila ncha ipunguzwe kitambaa kilichozidi, la sivyo itakuwa butu ukigeuza. Ndani, penye bonde kati ya ncha na ncha, kata kuelekea mshono na usimame milimita 2 kabla ya kuufikia. Usipokata, nyota hukunjamana. Ukikata sana, huchanika, ndiyo maana mafundi wazuri hurudia mshono mara mbili kwenye mabonde. Na nafasi ya kugeuzia iache kwenye upande ulionyooka, kamwe si kwenye ncha.

"Jaza mchele au dengu, pambo likae vizuri."

Si kweli, utawafuga fukusi na panya. Mabaki yaliyokatwakatwa yanafaa, ila ni mazito, na wengi wa pwani hupamba matawi ya mvinje, ambayo ni membamba na huinama haraka. Sufi ya msufi, ileile ya mito ya zamani, ni nyepesi na inakaa vizuri.

"Mapambo ya kitambaa ni hatari kwa moto."

Hili ni kweli, na nalisisitiza. Pamba na sufi hushika moto upesi. Mishumaa isikaribie mti wenye mapambo haya, hata kwa dakika moja ya kupiga picha. Taa za zamani za waya wa ndani hupata joto. Chagua za LED, na uzime mkienda kulala.

"Kitambaa hakivunjiki, kihifadhi popote."

Hakivunjiki, kweli, lakini kuhifadhi popote si sawa. Hewa ya Tanga, Mombasa au Unguja ina unyevu, na pambo lililofungwa kwenye mfuko wa plastiki likiwa na jasho la mikono hutoka na madoa ya ukungu. Lianike kivulini siku moja kabla ya kulihifadhi, kwa kuwa jua kali hupausha rangi, kisha liweke kwenye mfuko wa kitambaa ndani ya kabati kavu.