Mtoto ana mzio wa kamba? Hata hindi la sufuria hiyo si salama

KATIKA migahawa mingi ya Louisiana na Houston, Marekani, chakula hiki hakihitaji sahani. Meza hutandikwa karatasi, wateja huvaa aproni za plastiki, kisha humwagiwa kamba wa mtoni, kaa, mahindi, viazi na soseji vilivyochemshwa pamoja kwa pilipili. Kila mtu hula kwa mikono.

Ni mapishi ya Wakajuni, wazao wa Wafaransa waliofukuzwa na Waingereza huko Acadia, Canada, kuanzia mwaka 1755. Houston, wapishi wenye asili ya Vietnam wameongeza siagi na kitunguu saumu kwa wingi. Kamba hao hunoga zaidi Machi hadi Mei.

Kwa familia za Kongo na Afrika Mashariki zinazoishi huko, ulaji wa pamoja si mgeni. Jambo la kuangalia ni sufuria.

Mzazi wa mtoto mwenye mzio wa kamba anaweza kudhani inatosha kumpa hindi na kiazi. Haitoshi. Protini za kamba huingia kwenye maji, na hindi na kiazi huyanywa maji hayo. Kwa mwenye mzio mkali, hata mvuke unaweza kuleta shida.

Gumbo nayo, mchuzi mzito wenye bamia na unga wa ngano, inaweza kuandikwa ni ya kuku huku ikiwa imepikwa kwa supu ya kamba. Viazi vya kukaanga pia vinaweza kupita kwenye mafuta yaliyokaangia kamba. Uliza kabla ya kuagiza.

Dalili ni vipele vinavyowasha, midomo kuvimba, kutapika, kukohoa au kupumua kwa shida. Mtoto akishindwa kupumua, au dalili zikijitokeza sehemu zaidi ya moja ya mwili, mchome sindano ya epinefrini aliyoandikiwa na daktari, kisha piga 911. Usisubiri uone kama atatulia. Mzio huu unaweza kuanza hata ukubwani, na mara nyingi hauishi.

Kwa watoto wasio na mzio, yapo mengine:

• Chumvi: mtoto wa miaka 4 hadi 8 asizidishe miligramu 1,500 za sodiamu kwa siku, sawa na theluthi mbili ya kijiko cha chai cha chumvi katika vyakula vyote. Agiza cha mtoto kisichomwagiwa mchuzi wa viungo.

• Soseji: nyingi ni za nguruwe. Kwa mtoto chini ya miaka minne, ipasue kwa urefu, kisha uikate vipande vidogo. Ya duara humkaba.

• Chaza wabichi: watoto na wajawazito wasile. Ndimu na pilipili haziui bakteria.

• Mikono: ioshwe kwa sabuni kabla mtoto hajagusa macho.