Mjane katika mashua ya Böcklin

Mchoro wa Arnold Böcklin, Kisiwa cha Wafu, umezoeleka kuelezwa kuwa ni picha ya ahera: majabali yaliyochongwa makaburi, miberoshi myeusi katikati, maji yaliyotulia tuli, na mashua ndogo ikikaribia lango. Lakini ukifuata mashua hiyo ilivyofika pale, utaona kwamba picha inamhusu zaidi mfiwa kuliko aliyekufa. Aprili 1880 Marie Berna, mjane ambaye mumewe alifariki kwa dondakoo miaka mingi nyuma, aliingia karakana ya mchoraji huyo mjini Florence akaikuta kazi ikiwa nusu, tena ni agizo la mtu mwingine. Akataka yake, ndogo zaidi, kisha akaomba viongezwe vitu viwili: jeneza, na mwanamke aliyesimama wima mbele ya mpiga makasia, amejitanda nguo nyeupe tangu kichwani, katupa mgongo. Böcklin akavichora. Halafu (hapa ndipo pa kushangaza) akairudia ile picha ya kwanza akavitia na humo, na havikutoka tena katika matoleo matatu yaliyofuata hadi 1886.

Msomaji wa pwani atapinga: nyeupe ile ni sanda, basi aliyesimama ni roho ya marehemu. Lakini marehemu akiwa ndiye amesimama, jeneza limembeba nani? Mwingine atashikilia jina la mchoro. Nalo halikutoka kwa mchoraji. Ni la mfanyabiashara wa sanaa, Fritz Gurlitt, mwaka 1883. Böcklin mwenyewe aliieleza kwamba ni picha ya kuotea ndoto, na ukimya wake uwe mzito kiasi kwamba mtu akigonga mlango mtazamaji ashtuke. Anayegongewa mlango ni aliye hai. Na Böcklin aliujua ukimya wa nyumba baada ya matanga: alizika watoto wake kadhaa, mmoja wao binti mchanga aliyelazwa katika Makaburi ya Waingereza, si mbali na karakana hiyo.

Linabaki swali gumu. Berna alikuwa karibu kuolewa tena. Je, mwanamke yule anashuka na jeneza, au analifikisha langoni tu kisha mashua igeuzwe? Mchoro haujibu. Picha ya Berna ipo katika Makumbusho ya Metropolitan, New York. Ile ya kwanza ipo Basel. Ukizitazama, hata kwenye nakala ya kitabuni, anza na mashua kabla ya kisiwa.